Lamalera, Kijiji Kisichokula Peke Yake

Leo tunawaalika kufunga safari ndefu pamoja nasi. Hatuhitaji tiketi wala mizigo. Macho ya akili yatatosha, na saa moja ya jioni, kazi zikiisha na watoto wakiwa wamekaa karibu na baba na mama. Tunakwenda Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, iliyotawanyika baharini kati ya Asia na Australia kama shanga zilizokatika uzi. Humo tutatafuta kijiji kimoja tu, cha watu wapatao elfu mbili, kilichoshikamana na mwamba kando ya maji. Jina lake ni Lamalera.

Kwa nini kijiji hicho, na vijiji vya dunia ni vingi? Kwa sababu watu wake huwinda nyangumi kwa mashua ya mbao na kwa chusa kinachorushwa kwa mkono. Wageni wengi wamesifu ushujaa wao baharini. Lakini wageni hao mara nyingi hutazama bahari tu, wakasahau kugeuza uso na kuitazama nchi kavu. Sisi tutauliza neno jingine: nyama ile yote, nani huila? Jibu la swali hilo ndilo lililotuleta huku.

NJIA YA KWENDA

Tunaanzia Larantuka, mji ulio kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Flores. Wareno walifika pande hizi katika karne ya 16, na wamisionari Wadominiko pamoja nao. Hata leo, Ijumaa Kuu, umati wa watu hupita katika njia za Larantuka wakiwa na mishumaa, wakiisindikiza sanamu ya Mama Maria kwa desturi iliyotoka kwa Wareno hao. Watu walio wengi katika Indonesia ni Waislamu. Lakini katika jimbo hili la Nusa Tenggara ya Mashariki walio wengi ni Wakatoliki.

Kutoka Larantuka tunapanda meli ndogo kwenda kisiwa cha Lembata. Tunapita kati ya visiwa vyenye milima iliyochongoka, na baadhi ya milima hiyo ina moto ndani yake. Tunashuka Lewoleba, mji mkuu wa Lembata, ulio upande wa kaskazini. Lamalera iko upande wa kusini, nyuma ya mlima. Basi tunakaa katika lori lenye mabenchi ya mbao, pamoja na magunia ya mchele, kuku na mama wenye watoto mgongoni. Njia inapanda, inageuka, inashuka. Mwisho bahari inatokea mbele yetu, kubwa na ya buluu iliyokolea. Hiyo ni Bahari ya Sawu.

Hodi, Lamalera!

NCHI YA MAWE

Jambo la kwanza tunaloliona ni mawe. Mawe ya Mlima Labalekang yameteremka mpaka majini. Nyumba zimepandana, nyingine juu, nyingine chini, na vijia vya ngazi kati yake. Mashamba yako wapi? Hayapo ya kutosha. Mahindi kidogo hupandwa katika nafasi ndogo za udongo, lakini hayawezi kulisha kijiji. Mchele haukui hapa.

Wazee husimulia kwamba babu zao walitoka mbali sana. Walihama kisiwa hata kisiwa, mpaka wakafika kisiwa kidogo kiitwacho Lapan Batan. Hicho nacho kikapatwa na maangamizi, wakakimbia tena kwa mashua. Walipofika hapa, ardhi nzuri ilikuwa tayari mikononi mwa wengine. Wao wakapewa ufuko huu wa mawe. Mtu anayepewa mawe afanye nini? Aligeukia bahari.

Tunashuka ufukoni. Mchanga ni mweusi, kwa kuwa umetoka katika mlima wa moto. Katika safu ndefu tunaona mabanda yaliyoezekwa kwa majani, na ndani ya kila banda mashua moja imelala, omo yake ikiielekea bahari. Mashua hizo huitwa *tena* katika lugha ya kijiji. Waindonesia wengine husema *peledang*. Urefu wake ni mita kumi hivi. Tuikague moja vizuri: hatuoni msumari hata mmoja. Mbao zimeunganishwa kwa vijiti vya mti mgumu, vikapigwa ndani ya matundu mpaka zikashikana kabisa. Fundi hana karatasi yenye michoro. Mahali pa kila ubao, urefu wake na umbo lake, amevipokea kwa baba yake, naye baba kwa babu. Akibadilisha ubao mmoja kwa kujifanyia apendavyo, wazee watamwambia autoe.

Tanga lake ni ukili wa majani ya aina ya mkindu, vipande vingi vimeshonwa pamoja hata vikawa mraba mkubwa. Mlingoti una miguu miwili. Ubavuni kuna mianzi inayoelea, mmoja huku na mmoja huku, kama tunavyoona kwenye ngalawa. Na mbele, juu ya maji, kuna jukwaa jembamba la mianzi. Hapo pana mtu mmoja tu wa kusimama. Huyo huitwa *lamafa*, mpiga chusa.

Mashua si mali ya mtu mmoja. Ni ya ukoo. Kila mashua ina jina lake, nayo ikizeeka na kuoza hutengenezwa nyingine yenye jina lilelile. Kwa hiyo wanasema mashua haifi.

USIKU WA MISHUMAA

Tumefika siku ya mwisho ya mwezi wa nne, na hatukufika siku hiyo kwa bahati. Kesho, tarehe 1 ya mwezi wa tano, msimu wa bahari unafunguliwa. Utaendelea mpaka mwezi wa kumi, wakati wa ukame, ambapo mashua hutoka kila siku isipokuwa Jumapili. Wenyewe huuita msimu huo *leva*. Miezi mingine mashua hukaa bandani, na hutolewa tu mtu akiona nyangumi anapumua karibu na pwani.

Jua linatua. Watu wanateremka ufukoni, wazee, vijana, mama na watoto, mpaka kwenye kikanisa kidogo cha Mtakatifu Petro, aliyekuwa mvuvi. Jioni hii Misa inatolewa kwa ajili ya wafu waliokufa baharini. Hakuna ukoo usiokuwa na jina la kutaja. Wengine walipigwa na mkia wa nyangumi, wengine walinaswa na kamba wakavutwa chini, wengine mashua yao ilikwenda isirudi. Hawana kaburi la kuwekewa maua. Bahari ndiyo kaburi lao.

Misa ikiisha, mishumaa inawashwa na kuwekwa juu ya maji. Mawimbi yanaichukua polepole, nuru ndogondogo zikiondoka ufukoni kwenda gizani. Watoto wanatazama. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa, kabla hawajashika kasia, kwamba chakula chao kimelipiwa na watu.

Asubuhi ni siku nyingine. Sasa ni Misa ya leva, ya kufungua msimu. Padri anabariki mashua na watu kwa maji ya baraka. Kisha mashua moja, ambayo kwa desturi ndiyo inayotangulia, inasukumwa juu ya magogo mpaka majini, na tanga lake linapandishwa. Msimu umeanza.

Imani hii haikuja jana. Mwaka 1886 mapadri Wayezuiti walifika Lamalera na kubatiza watoto. Mwaka 1920 akaja kukaa padri Bernhard Bode, Mjerumani wa Shirika la Neno la Mungu. Shule ilifunguliwa mapema, na matunda yake tutayaona mbele. Pamoja na hayo, desturi za babu zimeendelea kuishi. Ziko koo zinazohesabiwa kuwa wenye nchi tangu asili, nazo ndizo zinazopanda mlimani kabla ya msimu kufanya sherehe ya kuwaita nyangumi. Hivyo sala ya ufukoni na desturi ya mlimani zinakaa katika kijiji kimoja.

BALEO!

Tukae sasa chini ya kivuli cha banda na kungoja. Siku nyingi hakuna kitu. Mashua huenda na kurudi na samaki wachache, au mikono mitupu. Lakini siku moja mtu aliye juu ya mwamba anaona mvuke ukiruka juu ya maji, mbali. Anapaza sauti: "Baleo! Baleo!" Kila anayesikia hupokea neno hilo na kulirusha mbele, nyumba hata nyumba, mpaka kijiji kizima kinaita. Mwenye jembe anaacha jembe. Aliyekuwa akila anaacha chakula.

Wasomaji wetu wengi hawajamwona nyangumi kwa macho. Tuwaeleze kidogo. Si samaki, ingawa anaishi majini. Ana damu ya moto, huvuta hewa, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Aina ambayo watu wa Lamalera humtafuta kuliko zote huiita *koteklema*. Kichwa chake ni kikubwa, butu kama sanduku, na meno yako katika taya la chini. Dume aliyekomaa huweza kufika mita 16 na uzito wa tani 40 na zaidi. Huzama mita elfu moja na kupita kutafuta chakula chake, kisha hupanda tena kupumua. Wako pia nyangumi wakubwa wasio na meno. Hao kijiji hakiwagusi, maana wazee husimulia kwamba zamani mmoja wao aliwasaidia babu zao baharini. Aliyekusaidia humrudishii chusa.

Mashua inakaribia. Tanga linashushwa. Watu kumi na zaidi wanavuta makasia kwa nguvu zao zote, na mshika usukani anatazama upande mmoja tu. Wanasali. Lamafa amesimama kwenye ncha ya jukwaa, miguu mitupu juu ya mwanzi, mikononi ameshika mti mrefu wenye chusa cha chuma mwishoni. Chuma hicho kimefuliwa na mhunzi wa kijiji.

Mashua inapomfikia mnyama, lamafa harushi chusa kama mkuki. Anaruka nacho. Anajitupa mwili mzima juu ya mnyama, ili uzito wake ukizamishe chuma katika mafuta mazito ya mgongo. Anaangukia majini, halafu inampasa kuogelea haraka kurudi mashuani. Kamba inakimbia. Ole wake aliyeweka mguu juu yake! Nyangumi anaivuta mashua, pengine kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Anaweza kuipiga kwa mkia ikavunjika. Mashua nyingine huja kusaidia, na vyusa vingine hupigwa mpaka nguvu za mnyama zitakapoisha.

Mara nyingine bahari ndiyo inayoshinda. Mwezi wa tatu mwaka 1994, nyangumi aliyechomwa alivuta mashua za Lamalera mbali sana, upande wa kisiwa cha Timor. Mashua zilipotea, na wavuvi walikaa siku kadhaa juu ya maji kabla ya kuokolewa. Na tuwafikirie wale waliobaki ufukoni siku hizo, wakitazama mstari wa bahari na mbingu asubuhi na jioni. Mtu asiseme kwamba kazi hii ni mchezo.

AMANI YA NYUMBANI

Hapa, baba na mama mnaotusoma, tunawaomba mtege sikio. Watu wa Lamalera wanaamini kwamba uwindaji hauanzii baharini. Unaanzia nyumbani.

Lamafa akigombana na mke wake, asipande mashua kabla hawajapatana. Ndugu wakiwa na kinyongo kwa ajili ya urithi, au mtu akiwa amemdhulumu jirani, wanasema chusa hakitashika, kamba itakatika, au balaa itawapata watu. Kwa sababu hiyo, kabla ya msimu koo hukusanyika kusema yaliyo moyoni na kuyamaliza. Tena mashua ikirudi mitupu siku nyingi mfululizo, au mtu akiumia, wazee hawaanzi kwa kuikagua kamba. Huuliza: nani ana ugomvi na nani? Ugomvi ukitajwa, wahusika hupeana mkono, na sala hufanywa, kisha mashua hutoka tena.

Mke wa mpiga chusa naye ana sehemu yake. Mumewe akiwa baharini, inampasa akae kwa utulivu, asitukane mtu, asichongee mtu. Wenyewe husema kwamba yeye na mumewe wameishika kamba moja.

Mtu wa mjini anaweza kucheka. Anaweza kusema: nyangumi anajuaje kwamba fulani amegombana na mkewe? Lakini tufikiri kidogo. Watu kumi na wawili wamo katika chombo kimoja, mnyama wa tani 40 amefungwa mbele yao. Ikiwa mmoja anamchukia aliye nyuma yake, je, atamtupia kamba anapoanguka majini? Ikiwa moyo wa lamafa umebaki nyumbani katika maneno makali ya asubuhi, je, mguu wake utasimama imara juu ya mwanzi? Wazee walijua walichokifanya. Walifunga amani pamoja na chakula, ili mtu asiweze kuidharau ile bila kukikosa hiki.

KILA MTU NA FUNGU LAKE

Nyangumi amekokotwa mpaka ufukoni. Maji ya pwani yanakuwa mekundu. Tunakiri kwamba si jambo la kupendeza macho. Wanaume wanakata kwa visu virefu, watoto wanakimbia huku na huku, mbwa wanangoja.

Lakini hakuna anayenyang'anya. Mwili wa nyangumi umegawanywa tangu zamani za babu, hata kabla hajakamatwa. Sehemu hii ni ya watu waliopiga kasia. Sehemu hii ni ya lamafa. Hii ni ya wenye mashua katika ukoo, hii ya fundi aliyeijenga, hii ya mhunzi aliyefua chuma, hii ya walioshona tanga. Koo zile za wenye nchi nazo hupata haki yao. Halafu kila aliyepata humkatia mwenzake. Mjane ambaye mume wake alibaki baharini ana ndugu wanaopaswa kumletea. Yatima na mzee asiyeweza tena kushika kasia hawaketi mlangoni wakinusa moshi wa jirani. Nyama ikifika nyumbani kwa mmoja, haijamaliza safari yake. Itatembea katika nyumba nyingi.

Tujue pia kwamba nyangumi hawapatikani kila siku. Kwa wastani kijiji kimekuwa kikipata kama 20 kwa mwaka. Mwaka 1969 ulikuwa wa baraka isiyo ya kawaida, walipata 56. Miaka mingine walipata wachache sana. Mtu anayekula peke yake katika mwaka wa shibe, nani atamkumbuka katika mwaka wa njaa?

Nyama hukatwa vipande virefu na kutundikwa juani kwenye miti ya mianzi mbele ya nyumba. Mafuta yanayodondoka hukingwa. Zamani ndiyo yaliyowasha taa. Kijiji kizima kinanuka kwa majuma. Wenyewe hawalalamiki. Ni harufu ya mahindi yajayo.

SAFARI YA WAMAMA

Mahindi yajayo kutoka wapi? Sasa tumwangalie mtu ambaye wageni wenye kamera humsahau: mama wa Lamalera.

Yeye hapandi mashua. Lakini bila yeye nyama ya nyangumi ingekuwa nyama tu. Hutia vipande vikavu katika kikapu, pamoja na chumvi aliyoipika mwenyewe kwa maji ya bahari, hukiweka kichwani, na kuanza kupanda mlima. Huko juu wanakaa wakulima wenye mahindi, ndizi, viazi vitamu na muhogo, lakini hawana bahari. Anakwenda kijiji hata kijiji, mlango hata mlango, saa nyingi kwa miguu, akirudi na mzigo mzito kuliko ule wa kwenda.

Siku ya Jumamosi kuna soko la Wulandoni, mwendo mfupi kando ya pwani. Twende nao. Chini ya miti wamekaa watu wa mlimani na marundo ya mahindi na ndizi. Watu wa pwani wameketi mbele yao na samaki, nyama na chumvi. Hakuna anayeanza. Msimamizi wa soko hukusanya ushuru mdogo, kisha hupuliza filimbi. Ndipo wanasimama wote kwa mara moja, na biashara inaanza. Fedha haionekani sana. Watu hubadilishana vitu kwa vitu. Mara nyingi kipande kimoja cha nyama kavu huenda kwa mahindi 12 au ndizi 12, na hesabu yao hufuata sita-sita. Kima hicho hujulikana na wote, hivyo mjinga hatapunjwa na mwerevu hatajitajirisha.

Tazameni, basi: nyama iliyopigwa na mmoja, ikavutwa na kumi, ikagawanywa kwa mia, mwisho inawafikia hata watu wasiowahi kugusa maji ya chumvi. Mlima unakula bahari, na bahari inakula mlima.

MASHINE NA FEDHA

Tungependa kuishia hapo, lakini tusingesema kweli yote. Lamalera ya leo ina taabu yake.

Mwaka 1973 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilimtuma mtaalamu wa kuvua nyangumi kutoka Norwei, aje kuwafundisha watu kuvua kwa vyombo vya kisasa. Nia ilikuwa njema. Lakini jaribio halikudumu, na watu wakarudi kwenye tena zao.

Hata hivyo injini imekuja baadaye kwa mlango mwingine. Vijana wamenunua mashua ndogo zenye injini, ambazo huziita *jonson*, kwa jina la injini zilizotangulia. Zinakwenda haraka, zinarudi mapema, zinafaa kwa samaki. Mwanzoni mwa karne hii wazee na vijana walishindana kwa maneno. Mwisho walipatana hivi: injini inaweza kuikokota tena mpaka karibu na nyangumi, lakini chusa kipigwe kutoka kwenye tena ya ukoo. Ni mapatano ya busara. Lakini injini hunywa mafuta, na muuza mafuta hapokei nyama kavu, anataka fedha. Mwenye kutafuta fedha huanza kuhesabu. Akianza kuhesabu, fungu la jirani huonekana kubwa.

Tena kuna neno la dunia. Katika karne ya 19 meli za Wamarekani na Waingereza ziliwinda nyangumi mpaka katika bahari hizi, na katika karne ya 20 viwanda vya nchi tajiri viliwachinja kwa maelfu mengi, hata aina nyingine zikakaribia kwisha. Kwa hiyo mataifa mengi yakakubaliana kuzuia uwindaji wa biashara tangu mwaka 1986. Koteklema mpaka sasa huhesabiwa katika wanyama walio hatarini. Mwaka 2009 serikali ya Indonesia ilipotangaza hifadhi katika Bahari ya Sawu, watu wa Lamalera waliogopa kwamba njia yao ya kula itafungwa, wakapinga; maji yao yakaachwa nje ya mipaka. Nao wanaopigania nyangumi hawakosi sababu. Mnyama huyu huzaa polepole, na dunia ikimpoteza haitampata tena. Lakini ni haki kuuliza pia ni nani aliyewamaliza, na ni nani anayeambiwa kulipa.

Na watoto? Tulisema shule ilikuja mapema. Kutoka kijiji hiki cha mawe wametoka mapadri, masista na walimu wengi. Gorys Keraf, aliyezaliwa Lamalera mwaka 1936 na kufa mwaka 1997, alikuwa bingwa wa lugha, na vitabu vyake vilitumiwa shuleni katika Indonesia nzima. Aliandika pia utafiti juu ya lugha ya kijiji chake. Sonny Keraf, mzaliwa mwingine wa Lamalera, alikuwa waziri wa mazingira kuanzia mwaka 1999 hadi 2001. Wazazi waliouza nyama kavu ili kulipa karo hawakupoteza. Lakini kila kijana anayekwenda mjini ni mkono mmoja uliopungua kwenye kasia. Mzazi wa Lamalera anataka mtoto wake asome, tena anataka mashua isife. Mambo hayo mawili yanamvuta kama kamba mbili, naye hawezi kuiachia hata moja.

KWA HERI

Jua linashuka nyuma ya mlima. Mashua zinarudi. Leo hazikupata nyangumi; zimeleta samaki kidogo. Wanaume na watoto wanashika pande zote mbili na kuzisukuma juu ya magogo mpaka mabandani, wakiimba. Hata mgeni hushika ubavu na kusukuma. Hakuna anayekatazwa kusaidia. Kisha samaki wanagawanywa, wachache kama walivyo, na mtoto mmoja anatumwa mbio na sahani kwenda nyumba ya bibi anayekaa peke yake juu ya ngazi.

Hatujui kama wajukuu wa watoto hawa watapiga chusa. Huenda siku moja koteklema watapita mbele ya Lamalera, na kijiji kiwatazame tu. Bahari hubadilika, sheria hubadilika, na kazi za watu hubadilika pia. Hilo si msiba mkubwa. Msiba ungekuwa kama ile sahani ingeacha kupanda ngazi. Kazi ya baba ikibadilika, mwana aweza kujifunza nyingine. Lakini kugawana kukisahauliwa, ni nani atakayekirudisha, na atakifundishia wapi?

Basi, tumefika mwisho wa safari. Tumerudi nyumbani, kwenye taa yetu na chungu chetu. Kabla chakula hakijapakuliwa, wazazi, waulizeni watoto swali lile tuliloondoka nalo: chakula hiki, nani na nani watakula? Nanyi watoto, waulizeni wazazi kama kuna ugomvi uliobaki tangu asubuhi. Watu wa Lamalera wangeuliza hayo kwanza.